Mvua ya mtemi: Nkome inavyopima imani ya mwanasiasa

Mkutano wa kampeni hauanzi na mgombea. Unaanza na sheikh na mchungaji. Muziki ukizimwa, mshereheshaji humwita mmoja wao jukwaani; kofia zinavuliwa, viganja vinafunguliwa, umati unaitikia amina. Kisha anaitwa wa pili, na umati ule ule unaitikia amina tena. Ndipo mgombea anapewa kipaza sauti. Tumeuzoea utaratibu huu Tanzania nzima hadi hatuuoni tena, lakini ndani yake mna sharti zito. Anayetaka kutawala asimame kwanza mbele ya Mungu, na asiwe Mungu wa nyumba moja tu.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya Nkome. Kata hii ya Wilaya ya Geita imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ukitoka Geita mjini unapita Nzera, makao makuu ya halmashauri ya wilaya, kisha unaendelea hadi barabara inapokutana na maji. Kutoka hapa boti huvuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Mwaloni kuna mitumbwi ya sangara na ya dagaa, mizani, barafu, nyavu zinazoshonwa, taa za sola zilizochukua nafasi ya karabai. Mitumbwi mingi ya ziwa hili imeandikwa ubavuni maneno ya kumtaja Mungu, mengine kwa Kiswahili cha kanisani, mengine kwa Kiarabu cha msikitini. Anayeingia majini usiku akaiacha familia nchi kavu hahitaji kufundishwa kuomba.

Upande wa magharibi iko Chato, alikozaliwa na kuzikwa Rais John Pombe Magufuli. Upande wa bara ziko Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, ambako wachimbaji wadogo huteremka kwenye maduara wakitafuta dhahabu. Ukitaka kujua imani ya mwanasiasa inamletea nini kwenye sanduku la kura, hapa ni mahali pazuri pa kuuliza. Jibu ninaloliona ni hili: mpiga kura wa ukanda huu haulizi sana mgombea ni wa dini gani. Anaipokea imani yake kama rehani, kisha anasubiri kuona kama itakombolewa kwa matendo. Hatari inaanza pale mwenye rehani anaponyang'anywa haki ya kuidai.

Hakuna nyumba moja inayotosha

Mwalo na machimbo huvuta watu kutoka kila upande. Wenyeji wa zamani wa eneo hili ni Wazinza. Wasukuma waliongezeka katika karne ya 20 wakifuata ardhi ya pamba na malisho ya ng'ombe. Wajita, Wakerewe, Wakara, Wahaya na Waha wakafuata samaki na dhahabu. Kila mmoja alikuja na mahali pake pa kusali.

Wakatoliki wana mizizi mirefu kusini mwa ziwa, tangu enzi za wamisionari wa karne ya 19, na Jimbo Katoliki la Geita lilianzishwa mwaka 1984. Africa Inland Church, ambayo wengi huiita AICT, ilianza kuota Usukumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwaya zake zinajulikana nchi nzima. Wasabato wapo, Waislamu wapo, na makanisa ya Kipentekoste yameongezeka kwa kasi, likiwamo EAGT la marehemu Askofu Moses Kulola, mwana wa Kanda ya Ziwa. Chini ya yote hayo imebaki imani ya wahenga, yenye mizimu, matambiko na waganga, na mara nyingi mtu huyo huyo huonekana kanisani Jumapili na kwa mganga Jumatano.

Kwa mgombea wa udiwani au ubunge, hesabu hapo ni nyepesi. Akijifungia katika dhehebu lake ameshindwa kabla ya kupigiwa kura. Ndiyo maana wengi wao huzunguka: saruji kwa parokia, mazulia kwa msikiti, kinanda kwa kwaya, mabati kwa kanisa la kiroho lililoko mtaa wa pili. Jimbo la Geita Vijijini limemtuma bungeni Joseph Kasheku Musukuma tangu mwaka 2015, naye amejipatia umaarufu kwa kujitambulisha kama mtu wa darasa la saba anayesema lugha ya watu wa kawaida. Sifa hiyo inavuka ukuta wa kanisa na wa msikiti, ndiyo maana inauzika.

Mtemi na mvua

Kabla ya vyama, kabla ya wamisionari, kulikuwa na mtemi. Katika himaya za Usukumani mtemi hakuwa mtawala wa kodi na mashauri peke yake. Alikuwa kiungo kati ya watu wake na nguvu zinazoleta mvua, na afya ya nchi ilihesabiwa kuwa imefungamana na mwili wake na matambiko yake. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni, aliandika kitabu kizima juu ya ibada za mtemi, kikachapishwa mwaka 1951.

Mtemi aliteuliwa na baraza la wakubwa walioitwa banang'oma. Hakujiteua, na wala hakukaa salama kwa kuwa ameshatawazwa. Mvua zikikoma mwaka hadi mwaka, mifugo ikafa na mtama ukakauka shambani, watu walikuwa na haki ya kuamini kwamba kiungo kimekatika. Mtemi wa namna hiyo aliweza kuondolewa.

Watu wa mjini huiita hiyo ushirikina, wakaishia hapo. Mimi naona humo kanuni ya utawala inayostahili heshima. Utakatifu wa mtawala haukuwa kinga yake, ulikuwa mzigo wake. Kadiri alivyodai kuwa karibu na Mungu, ndivyo alivyodaiwa zaidi na watu. Hakuna aliyeridhika kusikia kwamba mtemi ni mcha Mungu sana. Walitazama mawingu.

Utemi kama mamlaka ya serikali ulifutwa mwaka 1963. Mawazo hayafutwi kwa sheria, na naamini ukisikiliza namna watu wa Kanda ya Ziwa wanavyomsema kiongozi, bado utasikia swali lile la mvua: tangu huyu aje, tumepata nini?

Idadi isiyohesabiwa

Nchi yetu ilijengwa kwa namna inayomzuia mwanasiasa kuhesabu waumini wake kama mtaji. Mwaka 1958, TANU ikijiandaa kwa uchaguzi wa kura tatu, Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa chama, alihoji hadharani nafasi ya Waislamu chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki. Waislamu ndio waliokuwa uti wa mgongo wa TANU mjini Dar es Salaam, na wangeweza kumfuata mzee wao. Hawakumfuata. Takadir alifukuzwa, na wazee Waislamu wakaendelea kumbeba kijana Mkristo kutoka Butiama. Uamuzi ule ni mojawapo ya nguzo za taifa hili, nasi hatuutaji inavyostahili.

Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa misa. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri umefunguliwa katika Jimbo la Musoma. Hata hivyo hakuombea kura kwa rozari yake. Alipozungumza na masista wa Maryknoll jijini New York mwaka 1970, aliielekeza hoja kwa Kanisa lenyewe: lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litapoteza maana kwa watu hao. Naye alikuwa akiuliza habari za mvua.

Baada ya sensa ya mwaka 1967, swali la dini liliondolewa kwenye dodoso. Hadi leo hakuna mgombea anayeweza kusimama na takwimu rasmi kusema sisi ndio wengi. Katiba inatamka kuwa Jamhuri ya Muungano haina dini, na inakataza kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kuendeleza maslahi ya imani moja. Maadili ya uchaguzi nayo yanakataza kampeni ndani ya nyumba za ibada. Juu ya hayo ikajengeka desturi isiyoandikwa popote: Nyerere Mkristo, Ali Hassan Mwinyi Mwislamu, Benjamin Mkapa Mkristo, Jakaya Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkristo, Samia Suluhu Hassan Mwislamu. Hata kifo cha ghafla hakikuvunja zamu hiyo.

Mtu wa Chato

Magufuli alizaliwa Chato tarehe 29 Oktoba 1959. Alipita Seminari ya Katoke, Biharamulo, akafundisha Sengerema, akafanya kazi ya ukemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, akaingia bungeni mwaka 1995 kupitia Biharamulo Mashariki. Alikuja kupata shahada ya uzamivu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wa mwalo walimfahamu pia kama Waziri wa Mifugo na Uvuvi, kati ya mwaka 2008 na 2010.

Alipogombea urais mwaka 2015, kaulimbiu yake ilikuwa ya kazi, Hapa Kazi Tu. Lakini maneno yaliyomtoka mara kwa mara yalikuwa ya sala. Aliomba aombewe. Alirudia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Baada ya misa alisimama mbele ya waumini akazungumzia barabara, rushwa na bei. Hakubaki kwa Wakatoliki: alisali na Walutheri, Waanglikana na wengine, na makamu wake alikuwa Mwislamu kutoka Zanzibar. Mwaka 2016 alimwomba Mfalme Mohammed VI wa Morocco ajenge msikiti mkubwa Dar es Salaam, nao ukajengwa Kinondoni. Agosti 2020, ndani ya kanisa Katoliki la Chamwino, aliendesha harambee ya kujenga msikiti.

Kwa masikio ya Nkome, hiyo haikuwa lugha ya dhehebu. Ilikuwa lugha ya mtemi: mtawala anayebeba dua za nchi nzima. Na watu walitazama mawingu. Kwa wachimbaji wadogo mvua ilinyesha, maana mwaka 2019 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwao, na Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Mtu aliyezoea kuuza kwa kujificha akauza mchana kweupe. Kwa wavuvi mambo yalikuwa magumu zaidi. Operesheni za kupambana na uvuvi haramu zilipita ziwani, nyavu zikachomwa moto, na wenye mitumbwi wakarudi nyumbani na madeni. Wapo waliokubali kwamba ziwa lilikuwa likimalizwa. Wapo waliouliza mcha Mungu gani anamchomea maskini chombo chake cha kazi. Wote waliuliza wakiwa ndani ya imani ile ile.

Mwaka 2015 alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46. Mwaka 2020 alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 84, na vyama vikuu vya upinzani viliyakataa matokeo. Kwa hiyo sitaitumia asilimia hiyo kupima mvuto wake. Nitaitumia barabara. Tarehe 24 Machi 2021 mwili wake uliagwa Mwanza, ukavushwa kwa feri kutoka Kigongo hadi Busisi, ukapita Sengerema na Geita kwenda Chato. Watu walijipanga kando ya barabara kilomita kwa kilomita, wengine wakilia kwa sauti, wengine wakimwaga majani mbele ya gari. Siku tatu kabla, kwenye Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano wa kwenda kumuaga. Hakuna tume inayoweza kutunga majonzi kama yale.

Nchi si kisiwa

Hata hivyo ni imani hiyo hiyo iliyoleta mtihani mkubwa. Machi 2020, katika Kanisa Kuu la Dodoma, Magufuli alisema corona haiwezi kuishi ndani ya mwili wa Kristo, akawataka watu waendelee kusali. Aprili alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara ya taifa zimerudi na majibu ya kuwa na ugonjwa. Kuanzia hapo utoaji wa takwimu ulisimama. Juni akatangaza kwamba Mungu amejibu, nchi iko salama.

Wengi waliipenda kauli hiyo, nami sitawadharau. Mtu anayeishi kwa kuuza samaki wa leo hana akiba ya kujifungia ndani wiki mbili. Rais aliyesema usiogope, kafanye kazi, Mungu yupo, alimwambia jambo alilohitaji kulisikia, na akamwokoa na njaa iliyowapata wengine katika nchi zilizofungwa. Imani yake ikawa faraja na sera kwa wakati mmoja, na mvuto wake ukapanda.

Tatizo ni kwamba sala iliyogeuzwa sera haiwezi kukaguliwa. Mtemi alipoomba mvua, kila mtu aliona kama imenyesha. Rais alipoomba ugonjwa uondoke, kipimo cha kujua kama umeondoka kiliwekwa kando. Januari 2021 walioinua sauti walikuwa maaskofu Wakatoliki, viongozi wa kanisa lake mwenyewe, wakikumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa na kwamba tujilinde huku tukisali. Machi, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alieleza kuwa zaidi ya mapadri 25 na masista 60 wamefariki katika muda wa miezi 2, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Februari nchi ilikuwa imewapoteza viongozi wawili wakubwa, Maalim Seif Sharif Hamad na Balozi John Kijazi, siku moja. Tarehe 17 Machi Magufuli naye akaondoka. Serikali ilitangaza kuwa ni maradhi ya moyo.

Nayasema haya nikimheshimu marehemu na wanaomlilia. Uchaji wake ulikuwa wa kweli, na hilo linafanya somo kuwa zito zaidi. Mtawala mnafiki ni rahisi kumkataa. Mtawala anayeamini kwa moyo wote ndiye anayehitaji watu wa kumuuliza, kwa sababu yeye mwenyewe hana shaka.

Waliojaribu kuigawa sala

Historia yetu ya karibuni ina mifano ya waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2005 msemo kwamba Kikwete ni chaguo la Mungu ulienea nchi nzima, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80. Miaka 5 baadaye alirudi na takribani asilimia 61. Aliyevuna zaidi ya robo ya kura mwaka huo wa 2010 alikuwa Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Minong'ono ya udini ilitanda pande zote, hata Kikwete akaonya juu yake alipolifungua Bunge. Lakini tazama Bukombe, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Geita: kwa tiketi ya chama cha Slaa ilimpeleka bungeni Profesa Kulikoyela Kahigi, mwanaisimu wa Kiswahili. Hakupelekwa na madhabahu. Watu walikuwa wamechoka kusubiri mvua.

Septemba 2015 mgombea urais Edward Lowassa, akiwa katika ibada ya Kilutheri Tabora, aliomba dua akitaja kwamba nchi haijawahi kupata Rais Mlutheri. Kauli hiyo ilizua kelele kubwa, na hoja yake nyingine, elimu na ajira, ikafunikwa kwa siku kadhaa. Neno lile lilikuwa dogo, ila lilimpunguzia ukubwa wa nyumba aliyokuwa akiijenga.

Mwaka 2020 Josephat Gwajima, askofu wa Kanisa la Ufufuo na Uzima, alitangazwa mbunge wa Kawe kupitia CCM, akimshinda Halima Mdee aliyelishikilia jimbo hilo tangu 2010. Mimbari yake ilikuwa kubwa kuliko kura zake. Mwaka 2021 alipinga chanjo ya corona kanisani, Bunge likamsimamisha mikutano 2. Mwaka 2025 alikemea utekaji wa watu, na Juni usajili wa kanisa lake ukafutwa. Mimbari iliyompandisha ndiyo iliyomgonganisha na waliompandisha. Sikubaliani naye juu ya chanjo. Juu ya watu waliotekwa, alisema alichopaswa kusema kila mchungaji.

Kwa watu wa Geita, ubaya wa kuigawa sala una jina la kijiji. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa buchani uliwaka Buseresere. Februari mwaka huo mchungaji wa Kipentekoste aliuawa. Majirani waliozikana kwa miongo kadhaa walisimama pande mbili za bucha. Mgombea yeyote anayedhani udini ni ngazi ya kupandia afike Buseresere kwanza.

Ibada ya gizani

Ipo imani nyingine ambayo mgombea haitangazi jukwaani. Kila msimu wa uchaguzi magari yenye vioo vya giza huonekana yakielekea kwa waganga. Mtu aliyeitikia amina mbili mchana hutafuta kinga ya tatu usiku. Ingekuwa ni hirizi na mizizi tu, ningenyamaza. Kila mtu na imani yake, na wapo waganga wa kienyeji wanaotibu watu kwa heshima.

Lakini ukanda huu umelipa kwa damu. Januari 2015, mwaka wa uchaguzi, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kuwa hatari itaongezeka kadiri kura zinavyokaribia. Februari mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, akakutwa ameuawa. Mama alijeruhiwa akimtetea. Kama kuna imani ya mwanasiasa inayostahili kuchunguzwa bila huruma, ni hii ya gizani, maana ndiyo isiyojibu kwa yeyote. Mtemi alifanya tambiko lake kwa ajili ya nchi. Anayetafuta kiungo cha mtoto anafanya kwa ajili ya kiti.

Sadaka iliyorudishwa

Majirani zetu wa Kenya wanapita katika somo linalofanana. William Ruto alishinda mwaka 2022 akibebwa kwa sehemu kubwa na makanisa ya kiinjili, akinukuu Maandiko na kuchangia majengo ya ibada karibu kila Jumapili. Aliapishwa kwa sala nyingi. Kisha zikaja kodi, na Juni 2024 vijana wakajaa barabarani. Walikumbuka pia makanisa yaliyokuwa yakipokea bahasha. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais alizichangia katika Kanisa Katoliki la Soweto zirudishwe.

Jambo hilo linatuhusu. Sadaka ya mwanasiasa inapopokelewa bila swali, padri, sheikh au mchungaji anakuwa shahidi wake, na shahidi aliyelipwa hawezi kuiuliza mvua. Siwaombi viongozi wetu wa dini warudishe kila mfuko wa saruji. Naomba wasimpe mtoaji kipaza sauti.

Jina na deni lake

Tarehe 8 Septemba 2021, Kisesa wilayani Magu, machifu walimtawaza Rais Samia na kumpa jina la Hangaya, nyota inayong'aa. Kisesa si mbali na Bujora, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga makumbusho ya Wasukuma na kuiunganisha sherehe ya Bulabo na sikukuu ya Ekaristi, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikashindana kucheza kwa heshima ya Mwili wa Kristo. Mwanamke Mwislamu kutoka Zanzibar alipokewa katika ardhi hiyo kwa mila za wahenga, na sherehe ikapita kwa shangwe. Nchi ngapi zinaweza kufanya hivyo?

Ila jina la mtemi huja na deni lake. Oktoba 2025 Rais Samia alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97, mpinzani wake mkuu Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini na chama chake kikiwa nje ya uchaguzi. Damu ilimwagika. Miezi 6 kabla, usiku wa tarehe 30 Aprili, Padri Kitima, yule yule aliyewahesabu masista waliokufa, alishambuliwa Kurasini na kujeruhiwa. Kura ya namna hiyo haitupi kipimo cha mvuto wa imani ya mtu yeyote. Inatunyima kitu ambacho hata raia wa mtemi alikuwa nacho: uwezo wa kusema mvua haijanyesha, na kusikilizwa.

Hapo ndipo ninapoona wajibu wa Nkome, na wa kila mahali panapofanana na Nkome. Tuendelee kuwapenda viongozi wanaomwogopa Mungu. Tusiwaonee haya wala tusiwacheke. Mimi mwenyewe ningemwamini zaidi anayejua kuna siku atahukumiwa. Lakini mvuvi anayemwomba Mungu kabla ya kusukuma mtumbwi ameshaukagua tundu kwa tundu, ameshaziba palipovuja, ameshauliza upepo. Haoni kwamba anamkosea Mungu kwa kukagua.

Msimu mwingine wa kampeni utafika, jukwaa litasimamishwa, sheikh na mchungaji wataitwa. Tutaitikia amina ya kwanza kwa moyo, na ya pili kwa moyo. Halafu, kabla mgombea hajafungua kinywa, banang'oma wa leo, ambao ni sisi wenye vitambulisho vya mpiga kura, tuwe na maswali mkononi: leseni na bei ya sangara, barabara ya Nzera, dawa kwenye zahanati, usalama wa mtoto mwenye ualbino, na kama kura tutakayompa leo tutaweza kumnyima kesho. Akijibu kwa aya ya kitabu kitakatifu, tumshukuru, kisha tumuulize tena.